Kizuri Nacho Hujitembeza

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imerudiwa madarasani kwa miaka na mikaka, na aghalabu mwalimu huifafanua kwa mfano wa soko: mwenye bidhaa bora hutulia kibandani pake, wateja wakamjia wenyewe, ilhali mwenye makapi huzunguka mitaani akipaza sauti. Yamkini ndivyo mambo yalivyokuwa katika soko la kijiji ambamo kila mnunuzi alimjua kila muuzaji. Lakini upo mkasa wa mama mmoja wa Kalimoni, kata iliyo karibu na mji wa Juja, kati ya Ruiru na Thika, ambaye aliiamini methali hiyo hadi ikakaribia kumfungia biashara.

Mama huyo, ambaye hapana haja ya kumtaja jina, aliuza nguo za watoto za mitumba. Alfajiri alipanda matatu hadi jijini Nairobi, akaenda Gikomba kuwahi kufunguliwa kwa marobota. Wazoefu wa Gikomba wanajua kwamba nguo bora, zile zinazochaguliwa mwanzo, huitwa kamera, na masalia ya mwisho huitwa fagia. Yeye alikuwa mtu wa kamera. Jicho lake halikupitwa na mshono uliofumuka wala doa lililojificha kwapani. Kibanda chake kilikuwa kando ya njia waliyopita wapangaji jioni wakitoka kazini, na kwa muda mrefu kizuri kilijiuza kweli.

Machi 2020 ilibadilisha hali hiyo. Ugonjwa wa korona ulipoingia nchini Kenya, shule na vyuo vilifungwa, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, ambao ndio uhai wa Juja, wakarejea makwao. Kafyu ikaila ile saa ya jioni ambayo ndiyo iliyokuwa yake ya kuuza. Juu ya hayo, serikali ilisitisha uagizaji wa mitumba kutoka ng'ambo, na marufuku hayo hayakuondolewa hadi Agosti mwaka huo. Kibandani zikabaki nguo chache zisizo na wa kuzitazama. Kodi haikuwa imesitishwa.

Binti yake wa kidato cha tatu ndiye aliyemwonyesha jinsi ya kupakia picha kwenye stetasi ya WhatsApp. Mama akaingia kwa pupa. Siku ya kwanza alipakia picha zaidi ya thelathini mfululizo, zilizopigwa usiku juu ya kitanda chenye shuka la maua, hata haikujulikana ua la gauni ni lipi na la shuka ni lipi. Chini yake aliweka maneno ya Kiingereza aliyoyanakili kwa wenzake, yenye kuahidi ubora wa hali ya juu na bei nafuu kwa kila mtu. Bei yenyewe hakuitaja. Anayetaka kujua aliambiwa aje inboksi.

Wanafunzi wa isimujamii wamefundishwa sifa za sajili ya biashara: chumvi, takriri, maswali ya balagha, kuchanganya ndimi. Pengine sasa ipo haja ya kuongeza sifa moja ambayo imezaliwa mitandaoni, nayo ni kuficha bei. Wauzaji huitetea kwa hoja kwamba mteja akishaingia inboksi ni rahisi kumshawishi. Hoja hiyo haimjui mteja. Mtu mwenye shilingi 200 mfukoni haulizi bei ya kitu asichojua kama atakimudu. Huona haya, akapita. Mama wa Kalimoni, aliyezoea kutundika vibandiko vya bei kwenye nguo zake kibandani, aliacha simuni desturi njema aliyokuwa nayo barabarani.

Kulikuwa na kikwazo kingine asichokifahamu. Simu yake ilikuwa na nambari zipatazo mia tatu, lakini waliotazama picha zake hawakuzidi ishirini na watano. Binti akamweleza kwamba stetasi huonekana tu na mtu ambaye wewe umehifadhi nambari yake naye amehifadhi yako, na kwamba baada ya saa 24 hutoweka. Kuwa na nambari ya mtu, basi, si kumfikia. Tangu siku hiyo, kila aliyenunua kwake aliombwa jambo moja kabla ya kuondoka: "Niandike kwenye simu yako, nami nikuandike." Alisimama hapo hapo mpaka aone mteja ameandika jina. Wengi waliandika Mama Nguo. Idadi ya watazamaji ilipanda polepole, na hao walikuwa watu waliokwisha kushika nguo zake kwa mikono yao. Wanablogu wanaojivunia maelfu ya wafuasi wasiowajua wangemcheka; lakini hao maelfu hawalipi kodi ya mtu.

Kisha likatokea la kutokea. Katika miezi ile ya uhaba alikuwa na sweta nyekundu ya mtoto iliyofifia mgongoni na iliyopotelewa na kifungo cha juu. Picha yake haikuvutia. Akatafuta mtandaoni picha ya sweta nyekundu mpya, akaipakia mahali pa ile yake. Mteja mmoja wa Ruiru akatuma shilingi 450 kwa M-Pesa, na kifurushi kikakabidhiwa utingo wa matatu. Jioni hiyo, katika kundi moja la akina mama, zikawekwa picha mbili ubavu kwa ubavu, na maneno haya chini yake: "Tazameni nilichoonyeshwa. Tazameni nilicholetewa."

Picha hizo zilisambaa kuliko tangazo lolote alilowahi kuweka. Kwa wiki mbili hakuuza hata soksi. Kilichomuuma zaidi, kama alivyowaambia jirani zake, ni kwamba yeye hakuwahi kuuza fagia maishani mwake, na sasa alihesabiwa pamoja na wauza fagia. Alirudisha zile shilingi 450 pamoja na nauli ya kifurushi, akamwomba yule mteja afikishe radhi yake katika kundi lile kwa kuwa yeye hakuwa mwanachama. Mteja hakujibu. Sweta ilirudishwa kwa matatu.

Alichofanya baadaye ndicho kiini cha mkasa huu. Asubuhi, jua likiwa bado la upole, aliitandika sweta ile ile juu ya ubao mtupu karibu na mlango, akaipiga picha mbele, kisha nyuma palipofifia, kisha kifungo kwa karibu. Akaandika kwa Kiswahili chake cha kila siku: "Sweta nyekundu, mtoto wa miaka 3 hadi 4. Kifungo cha juu si chake cha awali, nimeshona kinachofanana. Mgongoni imefifia, tazama picha ya pili. Shilingi 150. Ni moja tu. Nipo Kalimoni." Ilinunuliwa kabla ya saa nne.

Hapana chumvi katika tangazo hilo, wala balagha. Lina ukubwa, kasoro, bei, idadi na mahali, na kila neno linajibu swali ambalo mteja angeliuliza. Mtu aliyeshika nguo mkononi hahitaji kuambiwa kasoro yake, anaiona. Anayeitazama kiooni ananunua maneno kwanza. Jambo hili si geni kwa Waswahili. Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak lilipata sifa kwa kanga zenye chapa ya Mali ya Abdulla, na hadi leo mnunuzi wa kanga husoma jina lililoandikwa kwenye kanga yenyewe kabla ya kuuliza bei. Tofauti ni kwamba jina la kanga humsemea mvaaji, na maneno ya mama huyu yalimsemea mtazamaji asiyeweza kugusa.

Wateja walipoanza kumtumia picha za watoto wao wakiwa wamevaa nguo zake, alishawishika kuzipakia zote. Binti, ambaye kwa wakati huo alikuwa amegeuka mshauri wa sheria, alimkumbusha kwamba Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na kwamba picha ya mtoto haianikwi hivi hivi bila ridhaa ya mzazi. Mama akawa anauliza kwanza. Waliokataa aliwashukuru.

Jambo jingine alilolifanya halikutokana na simu. Alinunua daftari la kurasa 96, akaandika nambari ya kila mteja, umri wa watoto wake na mwezi wa kuzaliwa. Binti alimdhihaki kwa kuandika mara mbili kile ambacho simu imekwisha kuhifadhi.

Jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021, muda mfupi baada ya saa kumi na mbili, WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika kwa pamoja duniani kote, zikabaki hivyo kwa takriban saa sita. Mama alikuwa amerudi Gikomba siku hiyo na mzigo wa sweta za watoto, kwa maana baridi ya Juja wakati huo ilikuwa bado haijaisha usiku. Alingoja, akazima simu na kuiwasha, akamlaumu binti. Hatimaye akafungua daftari, akaanza kutuma arafa za kawaida kwa wenye watoto wa umri wa sweta zile, mmoja baada ya mwingine. Nambari ya yule mteja wa Ruiru ilikuwamo. Alisita kidogo, kisha akamtumia na yeye.

Jibu la kwanza kurudi lilikuwa lake: "Ya miaka 5 ipo? Nitajie kasoro kwanza, mama."