Mikunga wawili wa Mwalimu

Wengi wenu mkisikia Kibondo au Kasulu mnafikiria wakimbizi. Siwalaumu, maana sisi waandishi ndio tuliowazoesha. Warundi walivuka kwa wingi mwaka 1993, Nyarugusu ikafunguliwa kwa ajili ya Wakongo mwaka 1996, Nduta ikafunguliwa upya mwaka 2015, na kila mhariri anapopiga simu swali ni lile lile: wako wangapi? Leo naomba ruhusa niandike habari nyingine. Naandika juu ya samaki wanaogombana.

Kuna mwalimu mstaafu pale Kibondo (jina lake nabaki nalo) ambaye sebuleni kwake, pale ambapo watu wengine huweka televisheni, ameweka tangi la kioo lenye urefu wa mita moja na kidogo. Lilitengenezwa Kasulu na fundi wa vioo vya madirisha, kwa gundi ya silikoni. Ndani yake mna mchanga laini, mawe, vipande vya bomba la plastiki, na samaki wawili wembamba kama nyoka walionaswa kwenye mgono katika kijito kinachopeleka maji mto Malagarasi.

Watu wa pwani wangewaita mikunga. Naomba msicheke: huyu si mkunga wa kuzalisha, ndiyo maana wale ni wakunga na hawa ni mikunga. Tena hata mkunga wa baharini si ndugu yake wa karibu. Huyu wa maji baridi ana safu ya miiba midogo mgongoni, inayosimama mmoja mmoja bila ngozi ya kuiunganisha, na ukimshika vibaya utaikumbuka. Pua yake imechongoka na kuning'inia mbele ya mdomo, na kila upande ina kijibomba cha kunusia. Wataalamu wanamwita Mastacembelus frenatus, jina alilopewa na Boulenger mwaka 1901, na hukaribia sentimita 40. Ziwa Tanganyika peke yake lina zaidi ya aina 10 za jamaa zake ambazo hazipatikani popote pengine duniani. Wazungu walianza zamani kuwanunua samaki wa ziwa hilo kwa ajili ya matangi yao. Mbelgiji mmoja, Pierre Brichard, alikuwa akiwasafirisha kutoka Bujumbura tangu miaka ya 1970. Sisi tunaoishi kwenye maji yao tunawajua kwa kuwala tu, kama tunawajua.

Hilo ndilo lililomuudhi Mwalimu. Alifundisha sayansi miaka mingi kwa kuchora samaki ubaoni. Alipostaafu akaamua watoto wa mtaani waone samaki anayepumua. Basi kila Jumamosi jioni watoto kumi, kumi na watano, hukaa sakafuni kwake kusubiri mikunga wale. Na ni lazima iwe jioni. Mchana samaki hawa hujifukia mchangani mpaka ibaki ncha ya pua, na mgeni anaweza kuapa kwamba tangi ni tupu. Mchanga wenyewe lazima uwe laini. Kokoto zenye ncha humchubua, magamba yake ni madogo mno kumkinga, na mchubuko huoza upesi.

Chakula ni minyoo ya ardhini. Macho hayamsaidii sana, ananusa. Mwalimu huchimba chini ya migomba, pale maji ya jikoni yanapomwagwa, halafu huiacha minyoo kwenye maji safi itoe udongo tumboni. Ya shamba la tumbaku hagusi kabisa, maana tumbaku hupigwa dawa. Dagaa wakavu alijaribu. Mikunga walisogea, wakanusa, wakaondoka kama wageni waliokaribishwa ugali bila mboga.

Sasa ugomvi. Mmoja ni mrefu kumzidi mwenzake kwa upana wa kiganja. Watoto wamempa mkubwa jina la Jenereta kwa sababu ya kelele za maji anapogeuka, na mdogo wanamwita Mgeni. Kuanzia Machi mpaka Mei waliishi vizuri. Mwezi wa sita mvua ikawa imekata, ardhi ikakauka, minyoo ikashuka chini sana, na jembe la Mwalimu likaanza kurudi na minyoo minne, mara mitatu. Hapo Jenereta akaanza kumvizia Mgeni kwenye bomba, anamng'ata ubavuni na kujizungusha. Nilipofika mwezi wa saba Mgeni alikuwa na kovu jeupe mkiani na jeraha bichi karibu na pezi.

"Shikamoo Mwalimu, mbona huyu anaumia?"

"Marahaba mwanangu. Anaumia kwa sababu wako wawili."

Sikuelewa mpaka aliponieleza. Wakiwa mmoja, hakuna wa kugombana naye. Wakiwa watano au sita kwenye tangi kubwa, shari inagawanyika, hakuna anayeibeba peke yake. Wawili ndio idadi mbaya kuliko zote: mwenye nguvu ana mtu mmoja tu wa kumuonea, saa ishirini na nne. Njaa inaongeza moto, lakini moto ulikuwepo.

Najua wapo wasomaji ambao tayari wamekimbilia kambini na mfano huu, kwamba nataka kusema ukiwabana watu kwenye eneo dogo bila chakula watang'atana. Sitaki kusema hivyo. Nimekaa kambini siku nyingi na nilichoona zaidi ni watu wanaogawana unga. Watu si samaki, na nimechoka na makala zinazowafanya wawe samaki. Turudi kwenye tangi.

Mwalimu alifanya yanayowezekana. Aliongeza mabomba yakawa matano kwa samaki wawili, yote yakitazama pande tofauti, ili aliye ndani ya moja asimuone mwenzake. Alibadilisha mpangilio wa mawe, kwa sababu mkubwa akipotea kidogo nyumbani kwake anasahau ubabe kwa siku mbili tatu. Alilisha pande zote mbili kwa wakati mmoja, mjukuu huku na yeye kule, kila mmoja na kibanio cha mti. Akaanzisha sanduku la minyoo lenye maganda ya ndizi na majani mabichi. Jeraha halikufunga. Dawa aliiogopa, na sawa, kwa kuwa dawa nyingi za samaki humdhuru huyu kuliko mwenye magamba makubwa.

Jumamosi moja mtoto wa kike, darasa la nne nadhani, aliuliza kwa nini Mgeni asirudishwe mtoni. Watoto wote wakamgeukia Mwalimu. Alijibu taratibu, kama yuko darasani: angerudishwa, lakini kwenye kijito kile kile tu alichotoka, na akiwa mzima. Samaki mwenye jeraha la tangini anaweza kupeleka ugonjwa kwa wenzake. Kumtupa kwenye mfereji wa jirani ni kumhamisha, siyo kumrudisha. Na maji ya Malagarasi, aliwaambia, yanaingia kwenye bwawa kubwa la Malagarasi-Muyovozi, eneo la kwanza la Tanzania kuingia katika mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Huchezei pale.

Mtoto akasema, "Basi atakufa hapa hapa." Mwalimu hakujibu.

Jumatatu alipanda gari kwenda Kasulu. Fundi alikuwa na kioo cha dirisha la duka lililovunjwa, akamkatia tangi la pili, dogo, kwa bei ambayo Mwalimu alinitajia na kuniomba nisiiandike kwa sababu mke wake anasoma. Mfuniko ulikuwa wa mbao wenye matundu madogo, ukilaliwa na tofali, maana mkunga akikosa raha hupanda kioo na kutoka, na unamkuta asubuhi mkavu mlangoni.

Mgeni alihamia humo na kugoma kula. Siku tatu, siku saba. Mnyoo unawekwa saa moja jioni, asubuhi uko pale pale, umevimba. Nilikuwa na kazi nyingine Kibondo kwa hiyo nilipita karibu kila jioni. Mara mbili nilimkuta yule binti wa darasa la nne amekaa peke yake mbele ya tangi, taa imezimwa, wala si Jumamosi.

Siku ya kumi na moja mnyoo haukuwepo. Mwalimu alichungulia chini ya mchanga kwa tochi, kuhakikisha haukujifukia wenyewe, kisha akaweka mwingine, nao ukaliwa tukitazama. Jeraha limeanza kufunga. Kwenye sanduku ilibaki minyoo 43, na mvua hazianzi mpaka Oktoba, kwa hiyo Jenereta sasa anakula siku moja na kuruka moja.