Mosocho, Nchi ya Vilima, na Maji ya Motokaa

Msafiri atokaye mji wa Kisii akielekea kaskazini-magharibi hufika Mosocho kwa mwendo mfupi. Ndiyo nchi ya Kitutu, nchi ya vilima vilivyolimwa toka kileleni hata kwenye vijito. Migomba imesimama kati ya mahindi, na mvua hainyimi shamba karibu mwezi wo wote wa mwaka. Hapo pana shule ya sekondari iliyopewa jina la Kadinali Maurice Otunga, aliyewekwa kuwa Askofu wa Kisii mwaka 1960, na mwaka 1973 akawa Mkenya wa kwanza kufanywa kadinali. Pana na soko, na penye soko hapakosi motokaa, na penye motokaa hapakosi fundi.

Kazi ya motokaa katika nchi hii si nyepesi. Mji wa Kisii umeinuka kadiri ya mita 1,700 juu ya bahari, na Ziwa Victoria liko mita 1,134. Gari lichukualo ndizi kutoka Kisii kwenda Kisumu hupita Oyugis, huvuka mto huko Sondu, na kushuka hata uwanda wa Kano. Lirudipo na saruji au mbolea, hapana budi kuupanda mwinuko huo wote. Hapo ndipo injini hupata moto. Nalo gari lililochemka likizidi kuendeshwa, hedi ya silinda hupinda kwa joto, na gasketi iliyo chini yake huharibika. Basi mwenye gari huipeleka hedi isawazishwe kwa mashine, hununua gasketi mpya, humlipa fundi, na fedha za mizigo mingi ya ndizi huishia hapo.

Lakini taabu kubwa zaidi huweza kuja baada ya matengenezo. Juma halijapita, maji ya rejeta yamepungua tena. Mwenye gari husema fundi amemdanganya. Fundi husema gasketi ilikuwa ya bandia. Wakati wanaposhindana, gari laendelea kubeba mizigo, likiongezwa maji kwa mtungi kila kituo. Maji ya kuongeza si dawa. Siku mtungi utakaposahauliwa, hedi itapinda mara ya pili, na gharama yote ya kwanza itakuwa imepotea bure.

Fundi mwenye busara hakimbilii kuifungua injini upya. Kwanza hujiuliza kama maji yanavuja kweli. Injini iliyofunguliwa huingiwa na hewa, na hewa hiyo ikitoka kidogo kidogo, maji hushuka mahali pake, hata mtu akadhani pana tundu. Hapa milima ya Mosocho yenyewe ni msaada. Gari huegeshwa likielekea kupanda, mdomo wa rejeta ukawa juu kuliko injini. Hujazwa likiwa baridi, hita hufunguliwa, na injini huachwa inguruma polepole hata mapovu yakome. Maji yakishuka mara moja au mbili kisha yakatulia, hapana uvujaji. Yakizidi kushuka siku kwa siku, ndipo msako uanze.

Msako huo hufaa alfajiri, kwa kuwa mvua za Kisii hunyesha sana alasiri, na ardhi iliyolowa huficha tone. Usiku uliotangulia hutandikwa chini ya injini kipande kikavu cha boksi, mahali penye paa. Asubuhi doa huonyesha upande wa kutazama. Kisha fundi hufuata kila mahali alipopagusa alipokuwa akitengeneza: mipira ya maji na vibano vyake, nyumba ya themostati, pampu ya maji, na bomba za hita. Pampu ina kijitundu kidogo chini ya mhimili wake. Kikionyesha njia ya maji, sili ya ndani imekwisha. Maji yenye dawa ya rangi huacha alama ya kijani au nyekundu, na maji matupu huacha kutu au unga mweupe. Tena kibano huweza kuvuja injini ikiwa baridi, kikaziba chuma kipatapo moto na kutanuka. Kwa hiyo mtu atazamaye wakati mmoja tu huweza kukikosa.

Kifuniko cha rejeta nacho hudharauliwa na wengi, nacho ni mlinzi mkubwa katika nchi ya juu. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100. Kila mita 300 za kupanda hupunguza kiasi cha nyuzi moja, hata Kisii maji ya sufuria huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Kifuniko kizima, kizuiacho kani ya ratili 13 kwa inchi ya mraba, huongeza nyuzi zipatazo 20. Mpira wake ukichakaa, maji huchemka mapema na kutoka kama mvuke njiani, wala hayaachi doa lo lote nyumbani. Bei ya kifuniko ni ndogo mno ukiilinganisha na ya hedi. Ila kisifunguliwe kamwe injini ikiwa moto, maana maji yatokayo humbabua mtu uso na mikono.

Penye shaka iliyobaki, hutumika pampu ya mkono yenye saa ya kupimia, ifungwayo mdomoni mwa rejeta. Hujazwa hewa hata kipimo kilichoandikwa juu ya kifuniko, wala isipite hapo. Mshale ukishuka na nje pakiwa pakavu, maji yanapotea ndani. Ndipo hutafutwa dalili za gasketi: oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto, mapovu yasiyokwisha katika rejeta, au mpira wa juu kuwa mgumu mara tu injini iwashwapo. Dalili hizi zikionekana, ni haki kumrudia fundi aliyefunga hedi. Zisipoonekana, ni dhuluma kumlaumu.

Matengenezo yakimalizika, maji ya kijito yenye matope hayafai kutiwa, kwani huleta kutu na kuziba vijia vya rejeta. Nchi yenye mvua nyingi namna hii haina udhuru: maji ya mvua yaliyokingwa safi kutoka kwenye mabati, yakichanganywa nusu kwa nusu na dawa ya rejeta, huhifadhi chuma vizuri. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika vilima vya Gusii, ufa wa kwanza aghalabu ni kibano kilicholegea, kinachokazwa kwa bisibisi katika dakika mbili.