Mkono Unaofunikwa kwa Khanga

Majuzi, stendi ya Muleba, mama kijana alinionyesha mwanawe. Kifafa kimetulia tangu apasuliwe kichwa, ila mkono wa kushoto umelegea. "Shangazi, huu ndio umeshakufa," akasema, akaufunika kwa khanga. Niliumia. Hakuna aliyemweleza kwamba mkono unaweza kuzoezwa.

Kwetu Kamachumu, baada ya vita vya Kagera, binamu yangu alikuwa na mkono wa namna hiyo. Homa na degedege vilimwachia kifafa na udhaifu upande mmoja. Majirani waliogopa povu lake, hata kumvuta asiungue motoni hawakuthubutu. Bibi alimfuatia vidonge hospitali ya Ndolage kwa miguu, na senene walipoanguka Novemba alimkalisha kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, ungo mbele yake, koroboi ikifuka moshi. "Shika kwa huo, nyonyoa kwa huu." Senene walimponyoka, akawafuata akitambaa huku analia. Bibi hakumsaidia. Jikoni wa kwanza walikuwa wanakaangwa kwa chumvi, harufu imejaa nyumba nzima, naye haonji mpaka amalize fungu lake. Msimu ulipokwisha yakaja maharage ya kuchambua, kisha kahawa. Miaka ikapita, gumba na kidole cha shahada vikaweza kumbana senene bila kumponda.

Upasuaji wa kifafa, kama wa yule mtoto wa stendi, si wa jana. Mwaka 1950 Roland Krynauw wa Johannesburg aliandika habari za wagonjwa 12 aliowaondolea nusu ya ubongo iliyoharibika. Siku hizi mara nyingi nusu hiyo hukatwa mawasiliano tu, ikaachwa mahali pake. Watoto wengi hutembea tena. Bega na kiwiko hupata nguvu kwa sababu nusu iliyobaki nayo ina njia za kuvifikia. Vidole ndivyo vigumu, na kwa wengi havirudi kushika sindano. Lakini mkono unaoshikilia ungo huku mwenzake ukifanya kazi ni mkono wa faida.

Leo senene wananunuliwa wakiwa wamekwisha kunyonyolewa, na mtoto mgonjwa hupewa simu atulie. Inaniudhi. Mama anaruhusiwa kutoka hospitali na tarehe ya kutoa nyuzi. Ya mazoezi hapewi.

Wazazi wa Bukoba na Muleba, kabla hamjaondoka wodini ulizeni mazoezi ya viungo yanaanza lini, na nyumbani mtoto afanye nini kila siku. Mpeni kazi ya mikono miwili. Na dawa za kifafa zisiachwe mpaka daktari aseme.