Omani anaijua, Ngezi je?

Baba mmoja wa Mgogoni, Pemba, mwaka huu amerudi Omani mara ya tatu. Safari mbili za mwanzo aliishia Maskati, kwa dada yake. Safari hii alizunguka: Nizwa akaona ngome na mnada wa mbuzi wa Ijumaa, kijijini Misfat akaufuata mfereji wa falaji unaonywesha mitende.

Aliporudi aliwaonesha wanawe picha kwenye simu. Mdogo wao akauliza, “Baba, na Ngezi kukoje?”

Akanyamaza. Msitu wa Ngezi, wenye popo wakubwa wa Pemba, uko kisiwa hicho hicho, na hajawahi kuwapeleka.

Jumamosi iliyofuata walipanda gari ya Konde, wamefunga mkate wa kumimina. Mzazi, wako wamefika wapi?