Hela ya Chupa Mjini Berlin

Jumamosi asubuhi watu wengi wa Berlin huenda dukani na mifuko iliyojaa chupa tupu na makopo. Kabla ya kugusa bidhaa yoyote, hupanga foleni mbele ya mashine iliyopachikwa ukutani. Mbele yangu alisimama mzee mwenye koti zito. Aliingiza chupa ya plastiki kwenye tundu la mviringo, ikazungushwa mpaka mistari ya lebo ikasomeka, kisha ukasikika mlio wa plastiki ikipondwa. Alipomaliza alibonyeza kitufe, ikatoka risiti, na kwa risiti hiyo akalipia mkate na maziwa.

Karibu kila chupa ya plastiki au kopo la kinywaji la kutumika mara moja lina amana ya senti 25 za yuro, yapata shilingi 700 za Tanzania. Chupa ya bia ya kioo, inayooshwa na kujazwa tena, kwa kawaida ina senti 8. Utaratibu huu haukuletwa na uungwana peke yake. Sheria ya vifungashio ya mwaka 1991 iliwaonya wenye viwanda kwamba vinywaji vya chupa za kujazwa tena vikishuka chini ya asilimia 72 ya soko, amana itakuwa lazima. Vikashuka, na Januari 2003 amana ikaanza. Tangu 2006, maduka makubwa yanayouza vinywaji vya chupa za plastiki yanapaswa kupokea chupa tupu za plastiki hata zilizonunuliwa kwingine. Leo karibu zote hurudi, yapata 98 katika kila 100.

Sheria hiyo imezaa desturi. Jioni za kiangazi, bustanini, vijana wakimaliza kunywa huzisimamisha chupa chini, kando ya pipa la taka. Baadaye hupita mtu na baiskeli au toroli, pengine mstaafu ambaye pensheni haimtoshi, akazikusanya. Ile staha ya kutomlazimisha mtu kutia mkono kwenye uchafu ilinigusa. Iliniuma pia kuona uzee katika nchi tajiri ukitegemea senti za chupa.

Dar es Salaam, dukani kwa Mangi, soda ya kioo unainywea pale pale, au unakuja na chupa yako tupu, au unaacha hela ya chupa. Hakuna mashine wala risiti. Kuna kreti, na Mangi anayekufahamu. Chupa hurudi kiwandani, ikaoshwa na kujazwa upya. Ile ya plastiki haidaiwi na mtu. Isipookotwa na wanaouza plastiki kwa kilo, huishia mtaroni.

Ila hata Wajerumani hawajamaliza kazi. Amana imerudisha plastiki, lakini haikuzuia chupa za kujazwa tena kuendelea kupungua; sasa hazifikii nusu ya soko la vinywaji. Chupa ya kioo inaweza kujazwa hata mara 50, ilhali ile ya plastiki iliyoingia kwenye mashine hupondwa na kuyeyushwa baada ya safari moja. Sisi desturi ya kujaza tena tunayo, na tunaiacha itutoke kwa kuwa plastiki ni nyepesi kubeba. Natamani wabunge wetu waiwekee plastiki nayo hela ya chupa, na kila anayeiuza alazimike kuipokea ikiwa tupu. Na kreti za kwa Mangi zilindwe kwa sheria hiyo hiyo, kwa sababu Ujerumani inatuonyesha kwamba desturi ya kujaza tena ikishapungua, hata amana haitoshi kuirudisha.