Kazi niliyoikataa

Leo sina somo la kuandika programu. Nina jambo la kukiri.

Mwaka 2019 kampuni moja hapa Nairobi iliniita niitengenezee sehemu ya programu ya mikopo ya simu. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi: programu isome majina na nambari zote zilizomo kwenye simu ya mkopaji, izipeleke kwenye seva, na siku ya kulipa ikipita, jamaa na marafiki zake watumiwe ujumbe. Siku nne hivi, basi. Malipo yalikuwa mazuri (na kodi ya nyumba ilikuwa inaningoja). Nikakataa.

Nilijiona shujaa kwa miezi miwili. Kisha mama mdogo akanionyesha simu yake: ujumbe wa kumtaka amhimize jirani yake alipe deni. Shilingi 1,500! Jina la programu lilikuwa lile lile.

Sasa, kukataa kwangu kuliwagharimu nini? Labda siku chache za kutafuta mtu mwingine. Kibaya zaidi, barua pepe yangu ilisema "nina shughuli za kifamilia". Sababu yenyewe sikuitaja. Kwa hiyo hawakujua kwamba wamekataliwa. Walikosa fundi tu, kama vile ningekuwa na malaria.

Linganisha na Google mwaka 2018. Wafanyakazi zaidi ya 3,000 walitia sahihi barua ya kupinga Project Maven, kazi ya kuchambua picha za droni za jeshi la Marekani, na wengine wakaacha kazi. Kampuni ikatangaza kwamba haitaongeza mkataba. Lakini Maven haikufa, iliendelea na makampuni mengine, na mwaka 2025 Google ikaiondoa ahadi yake ya kutotengeneza akili bandia ya silaha.

Hapa kwetu, mchezo ule wa kuwasumbua jamaa ulipigwa marufuku na kanuni za Benki Kuu mwaka 2022. Mwaka 2023 Google nayo ikazikataza programu za mikopo kusoma majina ya simu. Mimi simo.

Mwezi jana kampuni ya kamari ilinitaka niandike programu ya kuwarudisha wateja walioacha kucheza. Safari hii niliandika sababu yangu yote. Meneja akanipigia, akanisikiliza dakika kumi nzima bila kunikatiza. Halafu akauliza: "Sawa bosi, nimekuelewa. Unamjua mwingine anayeweza?"

Nilimjua. Sikumpa jina.