Fungua Sampu Kwanza

Mwaka huu nimekabidhi gereji yangu ya Mbinga mjini kwa vijana niliowafundisha mwenyewe. Magoti yamechoka kulala chini ya magari, na macho hayaoni tena alama za taimingi bila miwani. Nimewaachia jeki, winchi ya kushushia injini na spana ambazo nyingine zina umri mkubwa kuliko wao. Wiki chache baadaye nilipita kuwasalimu, nikakuta rafu niliyokuwa nikiwekea gasketi imejaa chupa za dawa: ya kusafishia injini, ya kusafishia nozeli, ya kuondoa moshi, ya kurudisha nguvu. Vijana wanasema wateja wenyewe ndio wanaozitaka. Nimeona niandike, maana ubishi huu wa dawa za chupa nimekuwa nao maisha yangu yote ya kazi, na sitaki uishe kwa sababu tu nimestaafu.

Nilizaliwa milimani Umatengo, upande wa Litembo, kwenye familia ya wakulima wa kahawa. Utoto wangu ni wa kila mtoto wa kule: kulima mashimo ya ngoro kwenye miteremko, kuchuma kahawa, kuimenya, kuianika. Kilichonitoa shambani ni malori yaliyokuja msimu wa kahawa kuchukua magunia. Nilipomaliza darasa la saba sikuchaguliwa kuendelea, na baba akanipeleka kwa fundi mmoja Mnyasa, mzaliwa wa Liuli, aliyekuwa na karakana Mbinga. Alimwambia, “Mzee, samaki ni huyu, mkunje angali mbichi.” Mzee akaniangalia mikono, si uso, akaniambia nije kesho kabla jua halijachomoza.

Jina lake silitaji, kwa sababu hakupenda kusifiwa na familia yake ipo. Alijifunzia kazi kwenye injini za boti za Ziwa Nyasa kabla ya kugusa gari. Ziwa likichafuka na injini ikazima, hakuna gereji ya kukimbilia. Kwa hiyo alikuwa na tabia ambayo sikuiona kwa fundi mwingine: hakuamini sauti wala maneno ya dereva mpaka ameona kwa macho yake kilichomo ndani.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nchi ilikuwa imetoka kwenye vita vya Kagera, maduka matupu, oili inapatikana kwa kujuana. Oili iliyomwagwa ilitiwa kwenye pipa, ikaachwa itulie, ikachujwa kwa kitambaa, kisha ikarudishwa kwenye injini nyingine. Hakuna aliyeona aibu, kwa sababu bila hivyo kahawa isingeshuka mlimani. Matokeo yake injini nyingi zilijaa utope mweusi uliokauka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na juu ya silinda hedi. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, spea na oili zilianza kuonekana tena, na oili hizo zilikuwa na sabuni ndani yake. Hapo ndipo mafundi wengi walipopata msiba. Unaweka oili nzuri kwenye injini kuukuu, utope uliokuwa umetulia miaka mingi unaanza kumeguka, na injini iliyokuwa inatembea inakufa.

Vijana wengi hawalijui hili la sabuni. Oili ya kisasa ina viungo viwili vya usafi: kimoja kinabandua uchafu, kingine kinaushika ukielea ili usitue, mpaka utoke pamoja na oili siku ya kuimwaga. Ndiyo maana oili ya dizeli inageuka nyeusi mapema. Mteja akikuletea malalamiko kwamba oili imekuwa nyeusi ndani ya wiki, mwambie inafanya kazi yake. Oili ya dizeli inayobaki safi miezi mitatu ndiyo ya kuitilia shaka.

Siku hizo kulikuwa na mafundi waliosafisha injini kwa mafuta ya taa. Wanamwaga lita moja kwenye oili ya zamani, wanaacha injini iungurume dakika kadhaa, wanamwaga vyote. Chupa za leo ni mtoto wa mafuta ya taa: kiyeyushio chepesi, sabuni kali, na maelekezo ya kuwasha gari dakika 10 au 15 bila kuliendesha. Mzee aliukataa mtindo huo, na maneno yake nimeyarudia mpaka wake zetu wameyakariri: “Injini inayoweza kuvumilia mafuta ya taa haiyahitaji, na inayoyahitaji haiwezi kuyavumilia.”

Yeye alikuwa na njia yake, na ndiyo niliyoifanya mpaka mwisho. Kwanza aliuliza: gari limetoka wapi, nani alikuwa analiendesha, oili ya mwisho ilimwagwa lini na ilikuwa ya aina gani. Mwenye gari akisema hajui, Mzee alijibu, “Basi tunaanza na hajui.” Alichomoa kijiti cha oili, akaisugua oili kati ya kidole gumba na cha shahada, akainusa. Alifungua tapeti kava akaangalia rangi ya chuma. Kisha, injini ikiwa ya moto, alimwaga oili yote na kushusha sampu. Chujio la pampu ya oili alilichomoa akaliosha nje, kwa dizeli na brashi, na kulifuta kwa kipande cha shuka kuukuu. Nyuzi za pamba alizipiga marufuku, maana uzi mmoja ukibaki ndani unaweza kuziba njia ya oili.

Gasketi ya sampu ikikosekana tulikata wenyewe. Unaweka karatasi ya gasketi juu ya ukingo, unagonga taratibu kwa nyundo ya kichwa cha mviringo mpaka umbo lote limejichora na kukatika. Kisha oili mpya na filta mpya. Gari litembee kilometa 500, oili imwagwe. Litembee 1,000, imwagwe tena. Baada ya hapo kila kilometa 3,000 bila kuruka. Usafi wote uliobaki ulifanywa na sabuni iliyomo ndani ya oili, polepole, uchafu ukitoka kidogo kidogo.

Filta iliyotoka haikutupwa. Tuliikata kwa msumeno wa chuma, tukalikunjua karatasi lake juani na kupitisha sumaku iliyotolewa kwenye spika ya redio. Chembe zinazorukia sumaku ni chuma: silinda, ringi, kamu. Zinazong’aa nyeupe na kukataa sumaku ni aluminiamu, mara nyingi pistoni au beringi. Zenye rangi ya shaba ni bushi, au beringi iliyokwisha kulika mpaka tabaka la chini. Kwa karatasi moja chafu Mzee alikuwa anajua gari litaishi au litashushwa injini.

Kwa Mzee tulikuwa wanafunzi wawili. Mwenzangu alikuwa mwepesi wa mikono kuliko mimi na mwepesi wa maneno, na wateja walimpenda. Ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, lakini hoja yake bado inauzwa madukani. Alifungua gereji yake, na magari ya mtumba kutoka Japani yalipoanza kuja kwa wingi, akawa wa kwanza kuziamini chupa. Aliwaambia watu mimi ni fundi wa zama za Bedford, nafungua kisichohitaji kufunguliwa ili nitoze zaidi. Maneno hayo yalinifikia, nami sikumjibu.

Jibu lililetwa na Hiace moja ya dizeli. Mwenye gari alikuwa ameinunua ikiwa imeshatumika, historia yake haijulikani, kilometa kwenye dashibodi ni za kuchekesha watoto. Ilikuwa inakula oili na kutoa moshi wa bluu. Mwenzangu akaisafisha kwa dawa ya chupa asubuhi, akaweka oili mpya, gari likaondoka na abiria kuteremka Mbamba Bay. Barabara ile ni kilometa 66, wakati huo vumbi na kona tupu, na kutoka ziwani kurudi Mbinga gari linapanda zaidi ya mita 800. Kwenda lilikwenda vizuri. Kurudi, katikati ya mlima, taa ya oili ikawaka. Dereva akadhani ni waya. Injini ikanoki, abiria wakalala porini na mizigo yao ya dagaa, na gari likaja kuvutwa na Fuso.

Mwenye gari alilileta kwangu, nami nikamwita mwenzangu aje tufungue pamoja. Tulishusha sampu akiwa amesimama kando yangu. Wavu wa chujio la pampu ulikuwa umezibwa wote kwa madonge meusi kama machicha ya kahawa, na hapakubaki hata tundu moja la kupitisha oili. Beringi mbili za konrodi zilikuwa zimesagika na krenki imekwanguka. Utope ulikuwa umebanduliwa, haukupata pa kutokea, ukafuata mvuto wa pampu.

Mwenzangu alisema, “Injini hii ilikuwa imeshakufa. Dawa imeonyesha ugonjwa tu.” Sehemu ya kwanza ya maneno yake ilikuwa na uzito: injini ilikuwa mbovu kabla hajaigusa. Lakini ugonjwa ule sampu ingeuonyesha kwenye sakafu ya gereji, gari likiwa limesimama, bila abiria. Tulipeleka shauri kwa Mzee, ambaye alikuwa amerudi Liuli kupumzika. Alilishika chujio, akaligeuza mara mbili, akamuuliza mwenzangu, “Ulitazama chini kabla hujamwaga?” Mwenzangu akanyamaza. Mzee akasema, “Anayemwaga kitu ndani bila kutazama chini anacheza kamari na mali ya mwenzake. Krenki utalipa wewe.” Alilipa, na hilo nampa heshima yake. Ila chupa hakuziacha.

Nisionekane nakataa kila kipya, niseme ninachokikubali. Gari ambalo oili yake imebadilishwa kwa wakati tangu likiwa jipya, likiwa na ringi zilizoanza kunata, linaweza kufaidika na dawa ya kuloweka iliyotiwa kupitia tundu la plagi. Dawa za nozeli zenye poliitheramini husafisha kweli nozeli za injini za petroli zinazopulizia mafuta nyuma ya valvu. Lakini chukua Noah na Voxy zenye injini ya 1AZ-FSE, ile tunayoiita D4. Petroli yake inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo haipiti kabisa juu ya valvu za kuingiza hewa. Masizi yanajikusanya pale, na dawa unayotia kwenye tangi haiwezi kuyafikia hata ukimwaga katoni nzima. Pale ni kufungua manifoldi na kukwangua.

Na huku ukanda wa Nyasa, nozeli nyingi za dizeli zinauawa na maji. Mafuta yanayosafiri kwa mapipa na madumu huingia maji, na dawa yake ni kulegeza skrubu chini ya chujio la dizeli kila alfajiri kabla ya kuwasha, maji yatoke. Wakati wa uchakachuaji wa mafuta tuliona pia pampu za dizeli zilizolika kwa kuchanganyiwa mafuta ya taa, yasiyolainisha chuma vya kutosha. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuchanganya kusilipe. Hatua hizo ziliokoa pampu nyingi kuliko dawa yoyote niliyowahi kuiona dukani.

Sasa niwaambie vijana wangu. Mteja anataka chupa kwa sababu anaiona na bei yake imeandikwa. Kazi ya kutazama haioni, ndiyo maana hataki kuilipia. Mwite aione. Mpe filta iliyokatwa aishike, mwonyeshe chujio kabla hujaliosha. Andika tarehe na kilometa kwenye kipande cha plasta, ukibandike ndani ya boneti, ili fundi wa kesho asianze na hajui. Nunua oili kwa muuzaji unayemfahamu, na makopo matupu yatoboe, yasiende kujazwa uchafu na kuuziwa mtu mwingine.

Akisema kushusha sampu ni gharama, fanya naye hesabu kwa sauti. Gasketi na nusu siku yako ya kazi upande mmoja. Upande wa pili injini ya mtumba kutoka Dar es Salaam, nauli ya kuifikisha Mbinga, na siku ambazo gari halitaingiza kitu. Mkimaliza hesabu, chukua spana namba kumi ulale chini.